Namba Arobaini na Moja

Kule kwetu Ngarenaro nilipata tabu sana kueleza Nosim anafanya kazi gani. Mume wangu, Abdulsalam, ni fundi wa rejeta za magari, na kila nilipomtaja Nosim aliuliza lile lile.

"Si ulisema huyo binti ni daktari?"

"Ni daktari. Ana PhD ya mambo ya macho, kaisotea huko nje miaka mitano."

"Sasa mbona yuko mafunzoni tena?"

Nikamweleza kwamba kuna mpango wa kuwafundisha watafiti waliokwishamaliza hiyo PhD. Wanakaa nasi kliniki miaka mitatu, nusu ya wiki wanahudumia wagonjwa, nusu wanafanya utafiti, ili mtu asiwe bingwa wa macho ya kwenye vitabu tu. Abdulsalam akacheka mpaka akaweka spana chini. "Kwa hiyo karudishwa darasa!" Na mimi nikacheka. Siku zile tulikuwa tunacheka.

Naitwa Mwanahalima. Ni nesi wa macho, kliniki yetu iko Kijenge, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu kumwambia mtu weka kidevu hapa, paji la uso pale. Nataka kumsimulia Nosim, lakini naanza kwa kusema kwamba kwenye habari hii mimi nimo, na nimo vibaya. Anayetaka kusikia nesi akijisafisha atafute nesi mwingine.

Nosim ni Mwarusha wa magharibi ya Mlima Meru, kule ambako vumbi linaingia hadi kwenye chai. Baba yake alifariki akiwa mdogo. Mama yake, Namnyaki, aliwalea watoto watano kwa mahindi na mbuzi, na huyu wa nne akatokea kupenda shule kuliko chakula. Ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wao kwenda chuo. Pale kanisani kwao alipoondoka kwenda kusoma waliombewa yeye na mama yake kwa pamoja, wamepiga magoti mbele ya watu wote.

Mpango wao wa mafunzo ulikuwa na sharti moja nililolipenda sana. Mtafiti yeyote, hata vyeti vyake vikijaa ukuta mzima, miezi mitatu ya kwanza anafanya kazi chini ya nesi. Basi Nosim akawa chini yangu. Siku ya kwanza alimshika mzee mmoja kichwa na kumsogeza kwenye mashine bila hata salamu. Nikamkemea pale pale. "Wee! Huyo ni mzee wa watu, siyo darubini. Msalimie kwanza!" Alishtuka, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Shikamoo, baba," akiwa ameinamisha kichwa. Mzee akamwekea kiganja utosini kama wafanyavyo wao, kisha mwenyewe akasogeza kidevu. Tangu siku hiyo aliniita dada, na mimi nikampenda. Sijui niseme vipi tena. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Ugonjwa aliokuwa akiufuatilia Nosim ni presha ya macho. Huu ni mwizi. Hauumi, hauwashi, jicho halitoi hata machozi. Unakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, unaanzia pembeni unakuja katikati, na mtu anaendelea kusema naona vizuri kwa sababu katikati bado anaona. Ukishakula, umekula. Hakuna dawa wala kisu kinachorudisha. Kinachowezekana ni kuwahi kuusimamisha.

Ili kuugundua tunatumia mashine ya kupima upana wa kuona. Unaingiza uso kwenye bakuli jeupe, unakodolea nukta moja ya katikati, na vitaa vidogo vinawaka huku na huku. Ukiona kitaa, unabonyeza kitufe. Mashine nayo ina ujanja wake. Mara nyingine inatoa mlio kana kwamba inawasha taa, na wala haiwashi. Ukibonyeza hapo, inajua unabahatisha. Mwisho inaandika kwa asilimia umebahatisha kiasi gani.

Basi wazee wa upande wa kwao Nosim walikuwa wanabonyeza kila mlio. Karatasi zinatoka safi, kumbe mtu haoni nusu ya chumba. Watafiti waliopita waliandika kwamba wazee hawa hawaelewi maelekezo. Nosim alikasirika sana aliposoma hayo. "Wanaelewa kuliko hao walioandika," aliniambia. "Dada, kwetu mgeni akikuomba kitu kwa upole, unampa. Umemkalisha mama kwenye kiti, umemwita mama, umemwambia bonyeza. Anabonyeza ili usiaibike." Huo ndio ukawa utafiti wake: namna ya kuwapima watu wenye adabu. Akaweka kanuni, akaiandika kwa maandishi makubwa na kuibandika ubavuni mwa mashine. Aliyebahatisha zaidi ya asilimia kumi na tano, karatasi yake inatupwa, anapimwa siku nyingine, awe nani.

Tukapeleka mashine kijijini kwao, ukumbi wa kanisa. Mbali na wagonjwa, alihitaji watu sitini wenye macho mazima ili awalinganishe nao. Siku ya tatu akaja Namnyaki na wanawake wenzake, amevaa shuka jipya na shanga za sikukuu. Mtafiti haruhusiwi kumpima ndugu yake, kwa hiyo Nosim akatoka nje, akanipisha mimi. Isitoshe, kila mtu alipewa namba, na Nosim alizisoma karatasi kwa namba tu bila majina, asije akapendelea. Mama yake alipata arobaini na moja.

Nilimkalisha Namnyaki, nikamsalimia vizuri, nikamfunga jicho moja. Halafu mdomo wangu huu, ambao Abdulsalam ameusema miaka yote, ukafunguka. Nikamtania. "Mama, leo usituangushe. Binti yako ndiye bosi wetu hapa."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Akashika kile kitufe kwa mikono miwili.

Alibahatisha asilimia ishirini na saba. Nikamwomba arudie, ikatoka ishirini na nne. Nyuma yake wamekaa wanawake kumi na zaidi wananyoosha shingo, na huyu ni mama wa Daktari Nosim, aliyeombewa mbele ya kanisa zima. Nimwambie ameshindwa? Nimwambie mama mtu mzima arudi nyumbani, aje siku nyingine, wenzake wote wamepita? Nikaona haya. Wallahi niliona haya, hakuna kingine. Nikaandika kwenye fomu: inaaminika, na ile asilimia ikabaki ndani ya mashine. Akainuka, akanipa mkono, na wanawake wakapiga vigelegele.

Picha ya ndani ya jicho lake ilitoka na ukungu kwa sababu ya mtoto wa jicho aliyeanza kujitengeneza. Presha ilikuwa ya mpakani, siyo ya kutisha. Nosim alikuja kukaa na lile faili la namba arobaini na moja pale Kijenge. Picha haisomeki vizuri, presha inavumilika, karatasi ya mashine safi, nesi mzoefu ameandika inaaminika. Akamweka kwenye kundi la wazima. Alimweka yeye mwenyewe, kwa mkono wake, bila kujua ni nani.

Ikapita miezi kumi na minne. Kazi ya Nosim ikasifiwa. Msimamizi wake, Dokta Elimringi, daktari wetu wa upasuaji, mtu asiyesifu hata chakula, alisema mbele ya wageni kwamba hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote zilizotoka kwenye mpango ule.

Pasaka Nosim akaenda nyumbani. Alikuta maneno. Watu wanasema mama yake siku hizi anaringa. Ukimnyooshea mkono upande wa kushoto hapokei. Mjane mmoja, rafiki yake wa toka ujana, alimsalimia mlangoni mwa kanisa mara tatu, Namnyaki akapita kana kwamba hamna mtu. "Mtoto kawa daktari, mama kapandisha mabega," ndivyo walivyokuwa wakisema. Nosim alinisimulia baadaye kwamba alianza kwa kukasirika. Alikaa jikoni akiwatukana moyoni watu wa kijiji kizima, huku mama yake akimmiminia chai. Na chai ikamwagika mezani, kushoto kwa kikombe, mama akaendelea kumimina tu, anatabasamu.

Hapo hapo Nosim akaacha kuwatukana watu. Akanyoosha kidole kimya kimya pembeni ya uso wa mama yake. Mama hakugeuka. Akakisogeza, akakisogeza, kimekaribia pua ndipo mama akasema, "Unanifanyia nini?"

Jumanne asubuhi alimleta kliniki amemshika mkono. Elimringi alimkagua kwa muda mrefu, na mimi nilipoona bega lake limeshuka nikajua. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, limebakiwa na kuona kivuli tu. La kulia lilikuwa limebakiwa na tundu dogo la kuonea, katikati. Kwa tundu hilo Namnyaki alikuwa akitembea, akipika, akimtambua mwanawe. Ndilo lililobaki kuokolewa, hilo tu.

Nosim hakulia. Alikwenda kwenye kompyuta, akafungua orodha ya majina ambayo hakuwahi kuruhusiwa kuifungua, Elimringi amesimama nyuma yake. Halafu akaja chumbani kwangu na karatasi mbili alizozitoa kwenye kumbukumbu za mashine.

"Dada. Ishirini na saba. Halafu ishirini na nne."

Nikaanza kusema kulikuwa na watu wengi siku ile.

"Nilibandika kanuni kwenye mashine!" Alipiga kelele, sijawahi kumsikia hivyo. "Niliandika kwa maandishi makubwa! Awe nani! Uliisoma kila siku!"

"Niliona haya kumrudisha. Mama yako, Nosim. Mbele ya wenzake."

"Ukamwonea haya, ukampofusha."

  Nilimwambia pia lile neno nililomtania nalo mama yake, kwa sababu nilijua nisipolisema hapo sitalisema tena.  Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akaweka karatasi mapajani, akaanza kucheka vibaya, kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Kazi yangu yote inahusu jambo hili," alisema. "Jambo hili hili moja. Na mimi ndiye niliyemsoma nikasema mzima."

Baadaye alichukua fomu zote sitini, akazilinganisha na kumbukumbu za mashine. Alikuta kumi na moja zimepita kumi na tano. Zote mwandiko wangu, zote nimeandika inaaminika. Wazee watupu, wengine walinibariki kabla ya kuondoka. Elimringi alimshauri aondoe hizo kumi na moja kimya kimya, hesabu irudiwe, utafiti uendelee, maana umebaki mwezi mmoja kabla ya tathmini ya mwisho ya mafunzo yake. Nosim akamuuliza, "Na wenyewe niwaondoe kimya kimya?" Siku ile ile aliwaandikia wakuu wa mpango kwamba matokeo yake yote yasitumike. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la heshima, fupi. Tathmini yake imesimamishwa. Akaanza kuwatafuta wale kumi waliobaki, mmoja mmoja, kwa simu za majirani na kwa matangazo ya kanisani.

Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikatolewa kwenye mashine. Niliomba nifukuzwe. Nosim ndiye aliyekataa. Alisema nikiondoka wale wazee hawatakuja, wananiamini mimi. Sijawahi kutukanwa vibaya kama hivyo, na yeye hakukusudia kunitukana.

Sasa jicho la kulia. Elimringi alikaa na Namnyaki na Nosim, na mimi nikaitwa kwa sababu mama aliniomba niwepo. Alisema wazi. Dawa ya matone imeshindwa kushusha presha. Tukiacha, jicho litakwisha, miezi michache tu. Tukilipasua, wengi hubaki na kile walichonacho. Lakini mshipa ukiwa umeliwa kiasi hiki, wapo wachache ambao upasuaji wenyewe huwamalizia kilichobaki.

Namnyaki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso mpaka akampata bintiye kwenye lile tundu lake. "Wewe unasemaje? Wewe ndiye umesoma."

Jamani. Miaka yote ile ya kusoma, na Nosim alikuwa hana ruhusa ya kushika hata kisu kimoja cha jicho, kwa sababu yeye ni wa utafiti. Alichokuwa nacho ni kujua. Alijua kila takwimu, na hakuna iliyomwambia mama yake yuko kundi gani. Aliomba dakika, akatoka, nikamkuta kwenye bomba la uani ananawa uso, ananawa tena, maji yanamwagikia viatu.

"Dada, angekuwa mama yako?"

Mimi ninayejua kila kitu, mimi mwenye mdomo, nikasema, "Sijui, mdogo wangu."

Akafunga bomba, akarudi ndani. "Yeyo," alimwambia. Ndivyo wanavyomwita mama kwa lugha yao. "Tupasue."

"Haya," mama akasema. Akaweka dole gumba kwenye fomu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Elimringi alitoka thieta akisema umekwenda vizuri, na ni kweli, kesho yake presha ilikuwa imeshuka kabisa, jicho halina hata wekundu mwingi. Asubuhi hiyo ndiyo pia wale wazee kumi walikuwa wamefika kupimwa upya, wamejaa kwenye benchi la koridoni na fimbo zao na blanketi zao. Nosim alipita katikati yao akiwaamkia mmoja mmoja, kisha akaingia chumba alichokuwa mama yake. Mimi nikambandua Namnyaki plasta ya jicho. 

Elimringi akainua vidole viwili mbele ya jicho la kulia. "Mama, hivi ni vingapi?"

Namnyaki alikaa wima. "Vitatu," akasema haraka, kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu.

Elimringi akabadilisha, akainua kimoja. "Na hivi?"

"Viwili."

Nosim akapiga magoti mbele ya kitanda. Akaishika mikono ya mama yake, akasema naye kwa Kimasai, lugha ya kwao, pole pole, maneno mengi. Sikuyaelewa yote. Nilielewa tu kwamba anaomba, kwamba anamsihi aseme kweli, na kwamba anarudia neno moja kila mara.  Mabega ya mama yaliyokuwa wima yakalegea. Akajibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka na sisi wengine tusikie.

"Sioni kitu, mwanangu. Mlipobandua, kukabaki vile vile giza."

Elimringi akawasha tochi, akaipitisha juu, chini, kushoto, kulia. Akauliza kama anaona mwanga. Namnyaki akatikisa kichwa. Elimringi akaizima, akaenda kusimama dirishani ametupa mgongo.

"Nisamehe," Namnyaki akamwambia bintiye. Alikuwa anapapasa mpaka akampata utosi, akaweka kiganja pale. "Nimekuharibia kazi. Wote wanasema umesoma sana, halafu mama yako ndiye ameshindwa."

Hapo ndipo Nosim alipolia. Alilia kwa sauti, uso kwenye magoti ya mama yake, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mimi nililia nimesimama na ile plasta mkononi. Sikuwa na haki ya kulia, lakini nililia.

Mama akamwacha alie. Kisha akainua kichwa, akasikiliza kidogo. Kule nje wazee walikuwa wanakohoa na kuongea kwa Kimasai.

"Hao ni watu wa nyumbani?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Wanakungoja wewe?"

"Wananingoja mimi."

"Wao bado wanaona?"

Nosim akageukia mlango. "Sijui. Labda baadhi."

"Basi nenda," mama akasema. "Nenda sasa hivi. Mimi nitakaa hapa na huyu nesi."

Nosim akainuka, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akatoka. Namnyaki akanyoosha mkono hewani kunitafuta, nami nikaushika. Nikamsikia Nosim kule koridoni akijaribu kuita jina la mzee wa kwanza, sauti ikakataa kutoka. Akaita tena.